Tom Bacon: injinia aliyehangaika na maji miaka 27



Ukimtaja Bacon kijiweni, wengi wanadhani unaongelea yule mwanafalsafa wa Uingereza. Hapana jamani. Leo nawaletea Francis Thomas Bacon, aliyezoeleka kama Tom. Ni wa ukoo huohuo, ila huyu alikuwa injinia. Alizaliwa Desemba 21, 1904 huko Essex, akasoma Eton, halafu Cambridge. Mtoto wa kishua, tusidanganyane. Lakini alichofanya na maisha yake si mchezo.

Mwaka 1925 alianza kazi kampuni ya Parsons mjini Newcastle, watengenezaji wa mitambo ya mvuke ya kufua umeme. Mwaka 1932 akasoma habari za seli ya haidrojeni, na akili yote ikahamia huko. Seli hii ni kama betri, ila haichajiwi. Unailisha haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili, nayo inakupa umeme, joto na maji. Moshi hakuna.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. William Grove, mwanasheria wa Wales aliyependa sayansi, alishalionyesha kati ya 1839 na 1842. Sasa kwa nini lililala karibu miaka 90? Sababu mojawapo ni mambo ya majimaji. Grove aliona kwamba umeme unazaliwa pale tu gesi, kimiminika na madini vinapokutana. Kimiminika kikizidi kinafunika madini, gesi haifiki, seli inafurika na kuzimika. Kikipungua, umeme unakosa njia. Chukua dodoki: likiwa limelowa chepechepe, hata ulipulize vipi hewa haipiti. Likikauka kabisa, nalo halina kazi. Unalitaka lenye unyevu wa kiasi, tena likae hivyohivyo saa zote. Hapo ndipo kimbembe.

Basi bwana, Bacon akaanza majaribio kimyakimya. Hakutaka platini aliyotumia Grove kwa sababu ni ghali. Yeye akachukua nikeli, na kimiminika chake kikawa potasi kali, kwa joto la nyuzi 200 hivi na presha kubwa. Mabosi walipogundua wakampa chaguo: acha hayo mambo au ondoka. Mwaka 1940 akaondoka! Siyo siri kwamba fedha za ukoo zilimpa kiburi hicho. Lakini wangapi wenye fedha wangezitumia kwenye kitu ambacho hakuna aliyekiamini?

Akaenda King's College, London. Vita navyo vikamtoa huko, akapelekwa kwenye kazi ya vifaa vya kusaka nyambizi. Mwaka 1946 akarudi kwenye seli yake, safari hii Cambridge.

Dawa aliyoipata mimi huwa naiwaza sana kwa jinsi ilivyo nyepesi. Alitengeneza bamba la nikeli lenye matabaka mawili. Upande wa gesi matundu makubwa, upande wa potasi matundu madogo zaidi. Tundu dogo hung'ang'ania kimiminika kwa nguvu kuliko tundu kubwa. Kwa hiyo ukipima presha ya gesi vizuri, gesi inasukuma potasi itoke kwenye matundu makubwa lakini haiwezi kuing'oa kwenye madogo. Gesi na kimiminika vinakutana palepale mpakani, hakuna anayemzamisha mwenzake.

Yakabaki maji yanayozaliwa. Kwenye seli ya namna hii yanatokea upande wa haidrojeni, na ukiyaacha yanaizimua potasi. Bacon akaizungusha haidrojeni iwe inapita na kubeba mvuke, mvuke unapozwa nje na kuwa maji, gesi inarudi kazini.

Mwaka 1959, miaka 27 tangu wazo limuingie, akaita watu Cambridge waone. Seli 40 zilizounganishwa zilitoa kilowati 5 hivi, zikaendesha foklifti, mashine ya kuchomelea na msumeno wa duara. Kwao Uingereza hakukuwa na soko. Waliochangamka ni Wamarekani: Pratt & Whitney walichukua leseni, wakapunguza presha na kuirekebisha kwa ajili ya vyombo vya Apollo.

Na hapa ndipo yale maji msumbufu yakageuka mali. Wanaanga waliyanywa. Aprili 1970 tanki la oksijeni la Apollo 13 likalipuka, seli zikakosa oksijeni, zikafa moja baada ya nyingine. Umeme wao ukakatika, na maji mapya yakakatika nao. Wale jamaa watatu walirudi duniani kwa kunywa mafunda ya kuhesabu, maana maji yaliyobaki yalihitajika pia kupoza mitambo. Ukitaka kujua Bacon aliwapa nini, angalia siku walipokikosa.

Baada ya Apollo 11 ya mwaka 1969 mzee alialikwa Downing Street namba 10, akakutana na wanaanga. Alifariki Mei 24, 1992, akiwa na miaka 87.

Magari ya haidrojeni ya leo hayatumii potasi, yana utando mwembamba. Utando ukikauka umeme unashuka, matone yakizidi yanaziba njia za gesi, na kwenye nchi za baridi yanaganda. Mahandisi bado wanakesha na maji yaleyale ya Grove na Bacon.

Mimi swali langu ni hili: kama asingekuwa na fedha za kwao, angeweza kuacha kazi mwaka 1940? Na huku mitaani kwetu tuna akina Bacon wangapi waliochagua mshahara kwa sababu hawakuwa na njia nyingine? Mwageni maoni hapo chini, ila tusitukanane.