Willem Kolff: Mhamiaji aliyeunda figo, kisha akaufuata moyo

KWA mkazi wa Muheza ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi, maisha hupimwa kwa siku za wiki. Mara mbili au tatu kila wiki humlazimu kulala kando ya mashine kwa takriban saa nne, damu ikitoka mwilini, ikisafishwa na kurudishwa. Nauli na gharama za tiba huielemea familia nzima.

Ni wachache wanaofahamu kwamba mashine hiyo ilianzia katika selofani ya kufungia soseji, nchini Uholanzi, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Aliyeiunda ni Dk. Willem Johan Kolff, mtoto wa daktari, aliyezaliwa mjini Leiden Februari 14, 1911.

Mwaka 1938, akiwa daktari kijana katika hospitali ya Groningen, alimhudumia kijana wa miaka 22, mtoto wa mkulima, aliyekuwa akifa polepole kwa maradhi ya figo. Kolff ndiye aliyelazimika kumweleza mama mtu kwamba hakuna la kufanya. Tangu hapo akaanza kujiuliza iwapo uchafu ambao figo zimeshindwa kuutoa unaweza kuondolewa kwa njia nyingine.

Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi. Mkuu wake wa kazi, profesa Myahudi, alijiua pamoja na mkewe, na nafasi hiyo akapewa mfuasi wa Wanazi. Kolff hakukubali kufanya kazi chini yake. Alihamia hospitali ndogo ya mji wa Kampen.

Huko, vifaa vikiwa adimu, alizungushia selofani kwenye pipa la mbao lililozunguka ndani ya beseni la maji yenye chumvi. Damu ilipita ndani ya selofani, na uchafu ukapenya kwenda majini.

Machi 1943 alianza kumtibu mgonjwa wa kwanza. Matokeo yalivunja moyo, kwani karibu wagonjwa wote 15 wa mwanzo walifariki dunia. Ilipofika Septemba 1945, mwanamke wa miaka 67 aliyekuwa amezimia alizinduka baada ya kusafishwa damu, akaishi miaka kadhaa zaidi. Alikuwa mfungwa, akituhumiwa kushirikiana na Wanazi ambao Kolff aliwachukia. Daktari huyo hakumbagua.

Kolff hakuuhodhi uvumbuzi wake. Baada ya vita alizitoa bure mashine alizokuwa nazo kwa hospitali za nje, zikiwamo za London na New York, ili wengine wajifunze.

Mwaka 1950 alihamia Marekani na familia yake, akaajiriwa katika Kliniki ya Cleveland. Ugenini huko ndiko alikougeukia moyo.

Figo na moyo havitengani. Kati ya siku moja ya mashine na nyingine, maji hujikusanya mwilini na kuulemea moyo, na madini ya potasiamu yakizidi huweza kuvuruga mapigo yake. Shinikizo la damu nalo huweza kushuka ghafla mgonjwa akiwa kwenye mashine. Ndiyo maana wengi wa wanaosafishwa damu hufa kwa maradhi ya moyo.

Mwaka 1957 Kolff na mwenzake, Tetsuzo Akutsu kutoka Japani, walimwekea mbwa moyo bandia, akaishi kwa dakika 90. Mwaka 1967 alihamia Chuo Kikuu cha Utah, na Desemba 2, 1982 madaktari wa huko wakampandikiza Barney Clark moyo bandia uliotokana na kazi ya kikosi chake. Clark aliishi siku 112.

Kolff alifariki dunia Februari 11, 2009 huko Pennsylvania, akiwa na umri wa miaka 97.

Tanzania nayo imepiga hatua. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015, na Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini.

Hata hivyo, mashine ya Kolff husafisha damu tu, haiponyi figo. Visababishi vikubwa vya figo kufa ni kisukari na shinikizo la damu, maradhi yanayoweza kunyemelea miaka mingi bila dalili. Kuyapima huchukua dakika chache, na kipimo hicho hakimlazimu mkazi wa Muheza kusafiri mbali.