Humphry Davy

Humphry Davy (17 Desemba 1778 – 29 Mei 1829) alikuwa mwanakemia na mvumbuzi kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kutenga elementi kadhaa kwa nguvu ya umeme na kwa kubuni taa ya usalama ya wachimbaji wa makaa ya mawe.

Maisha

Alizaliwa Penzance, Cornwall, akiwa mtoto wa mchonga mbao. Baba yake alifariki mwaka 1794, naye akapelekwa kwa daktari wa upasuaji ili ajifunze kazi. Kemia alijisomea mwenyewe. Kuanzia mwaka 1801 alifundisha katika Royal Institution, London. Mwaka 1807 alipata potasiamu na sodiamu kwa kutumia mkondo wa umeme wa betri. Alikuwa rais wa Royal Society miaka 1820–1827. Alifariki Geneva, Uswisi.

Taa ya usalama

Tarehe 25 Mei 1812 mlipuko katika mgodi wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, uliua watu 92, wakiwemo watoto. Katika migodi ya makaa hutoka gesi ya methani, ambayo ikichanganyika na hewa huweza kulipuliwa na mwali wa taa.

Mwaka 1815 Davy aliombwa kusaidia. Aligundua kwamba mwali haupenyi matundu madogo ya wavu wa waya, kwa sababu waya hunyonya joto lake. Akauzungushia mwali wavu huo: gesi iliweza kuingia na kuwaka ndani, lakini moto haukutoka nje. Taa ilijaribiwa mgodini Januari 1816. Davy hakuchukua hataza.

Hata hivyo milipuko haikuisha. Wavu uliotoboka au kuliwa na kutu ulipitisha moto, na wenye migodi waliwapeleka wachimbaji sehemu zenye gesi nyingi zaidi kwa kuitegemea taa hiyo.

Urithi

Umeme ulipoingia migodini, cheche za mota na swichi zilileta hatari ileile. Katika karne ya 20 vifaa hivyo vilianza kufungiwa ndani ya makasha imara ya chuma. Gesi ikilipuka ndani, moto hupozwa katika mwanya mwembamba kati ya kasha na kifuniko kabla ya kufika nje.

Makasha hayo hutumika popote penye gesi au mvuke wa mafuta. Nchini Tanzania gesi asilia ya Songo Songo imetumika kuzalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Kama ulivyokuwa wavu wa Davy, kasha lenye bolti iliyolegea au mwanya uliopanuka halizuii tena moto.