Hugh Le Caine: Mtu wa Tone Moja la Maji

Chuo nilichosomea Kurani utotoni kilikuwa na paa la mabati lililokuwa likivuja kila masika. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, aliweka kopo chini ya tundu, nasi badala ya kushika herufi tukashika mlio wa matone. Tone la kopo tupu hulia vingine, na la kopo lililojaa hulia vingine. Bakora ndiyo iliyoturudisha kwenye juzuu zetu. Siku zile sikujua kwamba huko Kanada mtu mmoja alikwisha kulichukua tone moja tu la maji akalifanya muziki mzima.

Bwana huyo ni marehemu Hugh Le Caine. Alizaliwa tarehe 27 Mei 1914 katika mji wa Port Arthur, jimbo la Ontario. Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Queen's, na mwaka 1940 akaajiriwa na Baraza la Taifa la Utafiti mjini Ottawa. Wakati wa vita vikuu vya pili kazi yake ilikuwa rada. Mchana alikuwa mtumishi wa serikali. Usiku, nyumbani kwake, alikuwa na nyaya na kinanda chake.

Kati ya 1945 na 1948 aliunda chombo alichokiita Electronic Sackbut, jina la tarumbeta ya kizamani ya Ulaya. Ukikandamiza kitufe kwa nguvu, sauti hukua. Ukikisukuma kando, sauti hupanda au hushuka. Na mkono wa kushoto hubadili rangi ya sauti yenyewe. Mabadiliko hayo yaliongozwa kwa nguvu ya umeme, yaani volti, na ndiyo maana wajuzi wengi wanakihesabu kuwa babu wa sinthesaiza za leo. Alikwenda Uingereza kuongeza elimu yake ya fizikia, akarudi, na mwaka 1954 Baraza likamruhusu kushughulika na muziki peke yake.

Mwaka 1955 akaunda rekoda ya namna ya pekee. Kanda kadhaa zilipita ndani yake kwa pamoja, na kila moja iliweza kwenda kwa mwendo wake, huku mwendo huo ukiamriwa na vitufe vya kinanda. Siri yake ni nyepesi. Ukanda ukizunguka kwa kasi maradufu, sauti hupanda oktava nzima na hudumu nusu ya muda; ukizunguka kwa nusu ya kasi, sauti hushuka na kurefuka. Basi akarekodi maji yakidondoka, akateua tone moja, akalinakili kwa mwendo huu na ule, akakata na kuunga. Kazi hiyo aliifanya kwa usiku mmoja, akaiita Dripsody. Haifiki dakika mbili. Huanza kwa tone, likawa manyunyu, likawa mvua ya noti, kisha vyote vikatulia likabaki tone. Haba na haba imejaza kibaba, na haba yenyewe ni ile ile moja.

Hapa nitaje aibu yangu. Nilipokuwa kijana katika kazi ya utangazaji, niliupata ukanda wa nyanya yangu akisoma utenzi alioupokea kwa mamake. Alikuwa amekwisha kufariki. Katikati ya kusoma alikohoa, nami kwa kutaka usafi nikashika wembe, nikakiondoa kikohozi. Niliposikiliza, mshororo mmoja ulikuwa umekwenda nacho. Nilitafuta kile kipande sakafuni katika takataka nisikione, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeukumbuka. Maji yakimwagika hayazoleki. Sikuwa nimefanya nakala.

Ndiyo sababu namwonea kijicho Le Caine. Yeye alilibadili tone lake mara chungu nzima, na bado mwisho wa kazi unalisikia lile lile la mwanzo.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa, lakini tuzo la Le Caine lilikuwa dogo. Alisaidia kuanzisha studio za muziki wa umeme katika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1959 na McGill mwaka 1964, akiwaundia wengine vyombo vya kufanyia kazi. Sifa na biashara ya sinthesaiza zilikwenda kwa waliokuja baadaye. Alipenda sana pikipiki, na ajali ya pikipiki ya mwaka 1976 ndiyo iliyomdhoofisha hata akafa tarehe 3 Julai 1977, akiwa na umri wa miaka 63. Sackbut yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la sayansi mjini Ottawa.

Leo, katika taarabu za harusi, kijana hukandamiza kitufe kimoja cha kinanda ikatoka sauti ya fidla, ngoma au filimbi iliyorekodiwa mbali. Kukata na kunyoosha sauti sasa ni kazi ya kidole. Enyi vijana wetu, kateni mtakavyo. Lakini mkipewa sauti ya mzee, tieni nakala kabatini kwanza, kikohozi chake na yote.