Edmond Albius na Ua la Vanila

Katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, kiko kisiwa cha Réunion, ambacho ni sehemu ya Ufaransa. Zamani kiliitwa Bourbon. Huko, mwaka 1829, alizaliwa mtoto mtumwa, jina lake Edmond. Mama yake alikufa alipomzaa. Bwana mwenye shamba, Ferréol Bellier-Beaumont, akamlea. Bwana huyo alipenda sana bustani. Hakumpeleka Edmond shuleni, lakini alitembea naye kati ya miti na maua, akimfundisha desturi zake.

Katika bustani ile ulikuwamo mvanila, mmea utambaao juu ya miti, ambao asili yake ni Meksiko. Maganda yake hutiwa katika vyakula vitamu kwa ajili ya harufu yake nzuri. Mmea ule ulikuwa na umri wa miaka 20 hivi, wala haukuwa umezaa, kwa maana wadudu wanaouzalisha kwao hawakuwako Bourbon. Tena ua lake hufunguka asubuhi moja tu, kisha hunyauka. Huko Ulaya wataalamu walikuwa wamefaulu kuuzalisha kwa mkono, lakini njia yao haikuwafaa wakulima.

Mwaka 1841 Edmond alikuwa na miaka 12. Bwana wake alikuwa amemwonyesha namna ya kukutanisha ua dume na ua jike la mmea wa jamii ya maboga. Basi Edmond akalichungua ua la vanila, akatambua ya kuwa dume na jike wamo katika ua moja, ila wametengwa na kijiutando. Akatwaa kijiti chembamba, akauinua utando ule, akabonyeza kwa kidole gumba, hata unga wa dume ukanata penye jike.

Baadaye bwana wake akaona maganda mawili. Edmond alipomwambia kuwa ni kazi yake, hakusadiki. Hata alipoona mengine, akamtaka afanye tena mbele yake. Edmond akafanya. Akapelekwa shamba kwa shamba kuwafundisha wengine, na wenye mashamba wakatajirika.

Lakini Edmond hakupata fungu lake. Watumwa walipoachwa huru mwezi wa Desemba 1848, alipewa jina la Albius, akaenda mjini kutumika jikoni. Huko alihukumiwa kwa wizi, akafungwa. Akafunguliwa kabla ya muda wake kwa ajili ya faida aliyoiletea nchi. Mtaalamu mmoja alipodai kwamba uvumbuzi ule ni wake, Bellier-Beaumont aliandika kumshuhudia Edmond. Hata hivyo alikufa maskini, mwaka 1880.

Leo, huko Madagaska, Uganda na Bukoba, watu hupanda vanila karibu na nyumba zao, nayo huzaa miaka mingi. Asubuhi za maua huenda na kijiti, wakafanya kama alivyofanya Edmond. Akili haichagui mtumwa wala bwana; na afundishaye wengi astahili ujira wake.