Malkia Victoria: Manzi wa Gauni Jeupe Aliyevaa Nyeusi Miaka 40 na Kuachia Dunia Luku ya Gothi

Hapa Nairobi kuna wasee wa rock na metal ambao huwezi kuwakosa kwa umati. Ni nyeusi juu mpaka chini, buti nzito, lesi kwa mikono, hata jua likiwaka namna gani. Kwa matatu watu huwacheki vibaya wakidhani ni mambo ya giza. Hiyo luku inaitwa gothi, na ukifuatilia ilikotoka utakutana na shosho mmoja mfupi, mnono, Mwingereza: Malkia Victoria.

Ndiyo, huyo huyo. Yule ambaye jina lake lilibandikwa kwa ziwa letu baada ya John Speke kulifikia 1858, ilhali Wajaluo walikuwa na jina lao kitambo, Nam Lolwe. Yule ambaye chini ya taji lake nchi yetu iligeuzwa himaya ya Uingereza 1895, na sanamu yake ikazinduliwa Jeevanjee Gardens 1906. Hayo ya ukoloni unayajua. Leo fungua kabati lake la nguo, kwa sababu maisha yake yote unaweza kuyasoma kwa magauni machache tu.

Msichana wa kushikwa mkono kwa ngazi

Victoria alizaliwa Kensington Palace, London, tarehe 24 Mei 1819. Babake aliaga kabla mtoto hajafikisha mwaka. Mamake na msimamizi wa nyumba yao, John Conroy, wakamlea kwa sheria ngumu kuliko za bweni. Alilala chumba kimoja na mathe kila usiku. Hakuruhusiwa kushuka ngazi bila mtu mzima kumshika mkono. Conroy alikuwa na hesabu zake: mtoto akizoea kuongozwa, siku akipata kiti, yeye ndiye atakuwa mwenye usukani.

Hesabu ikakataa. Alfajiri ya tarehe 20 Juni 1837 Victoria aliamshwa akaambiwa ami yake, Mfalme William IV, amefariki. Alikuwa na miaka 18 tu, kimo hata futi 5 hazijatimia. Kati ya mambo ya kwanza aliyotaka ni kuachwa pekee yake saa moja, na kitanda chake kutolewa kwa chumba cha mathe. Conroy naye akafungiwa mlango.

Sasa cheki hii. Siku hiyo alikutana na wazee wa baraza akiwa amevaa nyeusi, kwa sababu ya msiba wa ami. Lakini mchoraji David Wilkie alipochora hicho kikao, alimvisha gauni jeupe. Picha ikamfanya aonekane kama taa katikati ya wazee waliovaa giza. Yaani siku ya kwanza tu kazini, rangi ya nguo yake tayari ilikuwa inatumiwa kuongea na wananchi. Victoria alilielewa hilo somo haraka.

Gauni jeupe unalolijua

Mwaka 1839 alimpenda binamu yake Mjerumani, Albert. Kwa itifaki hakuna mwanaume angethubutu kumposa malkia, kwa hivyo yeye mwenyewe ndiye alimwitisha ndoa. Harusi ikafanyika tarehe 10 Februari 1840.

Maharusi wa kifalme wa wakati huo walizoea kumeremeta kwa nguo zilizofumwa kwa nyuzi za fedha. Victoria aliamua satini nyeupe, na badala ya taji akavaa shada la maua ya mchungwa. Hakuwa bibi harusi wa kwanza duniani kuvaa nyeupe, lakini picha zake zilisambaa kote. Polepole nyeupe ikawa ndiyo rangi ya harusi, mpaka leo unapoona mtu akikodisha gauni jeupe mjini kwa doh ya kuumiza, ujue bill inatoka mbali.

Kulikuwa na siasa pia ndani ya huo mshono. Satini ilifumwa Spitalfields, mtaa wa wafumaji wa hariri London. Lesi ilifumwa kwa mkono kijijini Beer, kule Devon, na wanawake zaidi ya 200, kwa miezi mingi. Mashine zilikuwa zimeanza kuwanyang'anya hao akina mama unga. Malkia akaweka kazi yao mbele ya macho ya nchi nzima.

Usiku wa gothi ndani ya ikulu

Hapa ndipo stori inaingia kwa gothi yenyewe. Hilo jina lilianza kama matusi. Wasomi wa Italia waliyadharau majengo ya Enzi za Kati, yale ya matao yaliyochongoka, wakasema ni kazi ya Wagothi, yaani washamba walioangusha Roma. Lakini kufikia wakati wa Victoria, Waingereza walikuwa wameyarudia kwa mapenzi. Bunge lao lilipoungua 1834, walilijenga upya kwa mtindo huo huo. Ukiona lile jengo la Big Ben, hiyo ni gothi ya karne ya 19 ikiiga ya zamani.

Victoria na Albert wakaihamishia kwa nguo. Tarehe 12 Mei 1842 waliandaa karamu Buckingham Palace, wageni zaidi ya 2,000, wote wamevaa mavazi ya kale. Albert alikuwa Mfalme Edward III wa karne ya 14. Victoria alikuwa mkewe, Malkia Philippa. Mtaalamu wa mavazi ya zamani, James Robinson Planché, ndiye aliyesimamia mitindo, na walienda kutazama sanamu za mawe zilizolala juu ya makaburi ya hao wafalme ndani ya Westminster Abbey.

Kama wewe ni fundi, hapa utatabasamu. Gauni la karne ya 14 lilikuwa na akili zake. Mwili ulibanwa kwa kukata kitambaa kifuate umbo, mikono ilikuwa myembamba yenye vifungo vingi, na chini rinda lilipanuliwa kwa kushonea vipande vya pembetatu katikati ya mishono. Lilimwagika kutoka kifuani hadi sakafuni kama maji. La Victoria lilikuwa na mahameli, manyoya, na nyuzi za dhahabu na fedha, lakini cheki picha yake iliyochorwa na Edwin Landseer. Kiuno kimekazwa kwa koseti ya 1842, na rinda limefura kwa mapetikoti ya 1842. Kichwa ni karne ya 14, kiuno ni karne ya 19. Na mpaka leo gauni la gothi hushonwa hivyo hivyo: unaiba mikono enzi moja, kiuno enzi nyingine, unaunganisha.

Sababu iliyotangazwa ya hiyo bash ilikuwa kuwapa kazi wafumaji wa Spitalfields, ambao walikuwa wanakufa njaa. Kazi ilipatikana, ni kweli. Lakini karamu ni ya usiku mmoja, na mwaka huo viwanda vilikuwa vinafungwa na wafanyakazi wanaandamana. Wengi waliuliza maskini anashiba vipi na manyoya ya malkia. Hilo swali liweke mfukoni, tutalirudia.

Miaka 40 ya nyeusi

Victoria na Albert walipata watoto 9. Kisha ukaja mwaka 1861. Machi alimzika mamake. Tarehe 14 Desemba, Albert akafa Windsor Castle akiwa na miaka 42. Madaktari walisema ni homa ya matumbo.

Wakati huo Uingereza, matanga yalikuwa na sheria zake za nguo. Mjane alitakiwa kuvaa krepi mwaka mmoja na siku moja, kisha kuipunguza taratibu, na baada ya kama miaka miwili anaanza kurudi kwa kijivu na zambarau. Krepi ilikuwa hariri iliyokunjwa kwa joto mpaka ikapoteza mng'ao wote, kwa sababu mwenye msiba hakutakiwa kung'aa. Ilikwaruza ngozi, na ikinyeshewa rangi inachuja shingoni. Lakini ilikuwa biashara kubwa. Kampuni ya Courtauld ilitajirika kwa krepi, na tangu 1841 kulikuwa na duka kubwa Regent Street la kuuza mavazi ya matanga pekee. Vito navyo vilitengenezwa kwa jeti, jiwe jeusi kutoka pwani ya Whitby.

Watu wakangoja malkia amalize muda wake. Hakumaliza. Alivaa nyeusi mpaka kufa, miaka karibu 40. Chumba cha Albert kiliachwa kama kilivyokuwa, nguo zake zikitandikwa na maji ya moto yakiletwa kila siku, kana kwamba mzee ameenda tu safari. Kule Kensington Gardens akasimamishiwa mnara mrefu, mtindo gani? Gothi.

Usimcheke haraka. Kama umewahi kuzika mtu wako, unajua siku ya matanga kuisha si siku ya uchungu kuisha. Tofauti ni kwamba wewe Jumatatu unarudi job. Yeye alijificha, na mshahara ukaendelea kuingia. Mwaka 1864 mtu alibandika tangazo kwa geti la Buckingham Palace akidai nyumba inatafuta mpangaji kwa vile biashara ya mwenyewe imedorora. Kufikia 1870 kulikuwa na wanasiasa wanaouliza waziwazi kama nchi inahitaji malkia asiyeonekana.

Msichana aliyekufa akishona

Kuna jina moja ambalo huwa halitajwi kwenye stori za malkia. Mary Anne Walkley alikuwa mshonaji London, umri miaka 20. Juni 1863 Alexandra, mke mpya wa mtoto wa kwanza wa kiume wa Victoria, alikuwa ameandaliwa karamu, na wanawake matajiri walitaka magauni yao haraka. Magazeti yaliripoti kwamba Mary Anne alishona zaidi ya saa 26 bila kupumzika, yeye na wasichana wengine kama 60, wamejazwa 30 kwa chumba chenye hewa kidogo. Ijumaa akaugua. Jumapili akafa. Karl Marx alimwandika kwenye kitabu chake Das Kapital, na ndiyo maana jina lake bado lipo.

Sasa toa lile swali mfukoni. Victoria alijua vizuri kwamba gauni linaweza kulisha kijiji. Alilitumia hivyo 1840 na 1842. Lakini mtindo ukianza juu, presha hushuka mpaka kwa msichana aliyeshika sindano, na hakuna mtu wa ikulu aliyekuwa pale saa nane usiku kumwambia alale.

Mwisho akarudi kwa nyeupe

Victoria alirudi hadharani polepole, na kufikia 1887, alipotimiza miaka 50 kwa kiti, wananchi walishamsamehe. Hata siku hiyo alikataa taji na joho. Alienda kanisani na kofia ya lesi tu, kama mjane yeyote aliyejipanga. Ile nyeusi iliyokuwa ukuta wa kujifichia ikawa ndiyo yunifomu yake, na picha yake ikaingia kwa sarafu, stempu na sanamu mpaka Nairobi.

Alikufa tarehe 22 Januari 1901, akiwa na miaka 81. Alikuwa ameacha maagizo ya mazishi, na yaliwashangaza wengi. Alitaka mazishi meupe. Akavishwa nyeupe, akafunikwa na shela yake ya harusi ya 1840, na ndani ya jeneza wakaweka joho la nyumbani la Albert. Akalazwa karibu naye Frogmore, Windsor. Yaani miaka 40 yote hiyo alikuwa bibi harusi anayengoja.

Kutoka Windsor mpaka kwa fundi wako

Mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, vijana wa Uingereza waliochoshwa na ukosefu wa kazi walianza kuvaa huo msiba kwa makusudi. Wakichochewa na wanamuziki kama Siouxsie Sioux, na baadaye klabu ya Batcave iliyofunguliwa London 1982, walichukua lesi nyeusi, koseti, shela na vito vyeusi vya akina shosho wao wakavichanganya na ngozi na buti za punk. Whitby, ule mji wa jeti, hadi leo magothi hukusanyika huko.

Kwa hivyo ukimwona msee wa nyeusi kwa matatu, jua amevaa historia: mikono ya Enzi za Kati, kiuno cha 1842, huzuni ya 1861.

Na kama unataka lako, si lazima doh nyingi. Gikomba ukichimba vizuri utapata pazia la mahameli nyeusi na vipande vya lesi. Mwambie fundi abane juu, aongeze pembetatu chini, na mikono iwe mirefu. Lakini usimpelekee kitambaa Ijumaa jioni ukitaka gauni Jumamosi asubuhi. Mpe wiki mbili, na umlipe siku ya kuchukua. Mary Anne Walkley hakupata mteja wa hivyo.