Jean-Henri Fabre, mwalimu maskini aliyefuga buibui kwenye vyungu

Watu wengi wakiona buibui ndani ya nyumba wanashika fagio. Kule kusini mwa Ufaransa, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mwalimu mmoja alikuwa anafanya kinyume. Aliwatafuta buibui porini, akawaleta nyumbani, akawapa makao na chakula. Halafu akawa ananyang'anya mama buibui kifuko chake cha mayai, juu alitaka kujua kama yule mama anakitambua kweli. Jina la mwalimu huyo ni Jean-Henri Fabre.

Utoto wa shida

Fabre alizaliwa tarehe 21 Desemba 1823 katika kijiji cha Saint-Léons. Wazazi wake walikuwa maskini, hata wakamtuma kwanza kuishi kwa babu na nyanya yake shambani. Baadaye baba yake alifungua mkahawa mji huu, akahamia mji ule, na kila mahali biashara ilianguka. Kijana akaacha masomo. Aliuza ndimu kwenye soko kubwa la Beaucaire, akafanya pia kazi ya mikono kwenye njia ya reli.

Mashindano ndiyo yalimwokoa. Shule ya walimu ya Avignon ilikuwa inatoa nafasi za kusoma bila kulipa. Fabre alijaribu, akatoka wa kwanza. Kabla ya kufikisha miaka 20 alikuwa tayari mwalimu mjini Carpentras. Hesabu na fizikia alijifunza peke yake usiku, mpaka akapata udaktari wa sayansi mwaka 1855.

Diploma hizo hazikumpa utajiri. Alifundisha kwenye lise ya Avignon kwa miaka zaidi ya 15, na mshahara ulikuwa franga 1,600 kwa mwaka, bila kupanda. Alikuwa na bibi na watoto wengi wa kulisha. Alijaribu kutengeneza rangi nyekundu ya nguo kutokana na mizizi ya mmea, akitumaini kupata makuta ya kutosha. Kazi ilipoanza kuzaa matunda, wanakemia walipata njia ya kuitengeneza rangi hiyo bila mmea. Jasho lote likapotea.

Kufukuzwa juu ya kufundisha wasichana

Mwaka 1867 waziri wa elimu, Victor Duruy, alianzisha masomo kwa wasichana. Fabre alikubali kuwafundisha sayansi, na wengi walikuja kumsikiliza. Siku moja aliwaeleza namna ua la mmea linavyopata mbegu, yaani kazi ya sehemu dume na sehemu jike. Kwa watu wa dini wa mji huo, hayo hayakuwa mambo ya kuambia wasichana. Maneno yakawa mengi. Kufika 1870 masomo yalikuwa yamekwisha, kazi imekwisha, na wenye nyumba wakampa mwezi mmoja tu wa kuhama.

Aliyemwokoa ni rafiki yake Mwingereza, mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyekuwa akiishi Avignon. Mill alimkopesha franga 3,000 bila kumtia saini karatasi yoyote. Fabre alihamia Orange, akaishi kwa kuandika vitabu vya shule, na deni lile alilipa lote. Lakini mwaka 1877 alimpoteza Jules, mtoto wake aliyependa wadudu kama yeye. Kijana alikuwa na miaka 16.

Kifuko, kizibo na mama buibui

Mwaka 1879, akiwa na miaka 55, Fabre alinunua parsele ya karibu hektari moja katika kijiji cha Sérignan. Ilikuwa ardhi ya mawe na miiba isiyofaa kulimwa, na ndiyo sababu wadudu walijaa. Aliita mahali hapo Harmas, neno la kule linalomaanisha shamba lililoachwa.

Kati ya wageni wake alikuwemo buibui mkubwa mwenye tumbo jeusi, anayechimba shimo ardhini. Kumkamata, Fabre aliingiza jani la nyasi ndani ya shimo, buibui akaliuma, naye akamvuta polepole. Nyumbani alimweka kwenye chungu kipana chenye mchanga, juu akafunika kwa wavu wa waya.

Jike wa buibui huyu anafunga mayai ndani ya kifuko cha uzi, ukubwa kama tunda dogo la mviringo, akakibandika nyuma ya mwili. Popote anapokwenda anakikokota. Kwa wiki tatu ao nne, jua likiwaka, anakaa mdomoni mwa shimo na kukiinua kwa miguu ya nyuma, akikigeuza ili kila upande upate joto.

Fabre alishika kifuko kwa kibano, akakivuta. Mama alipigana vikali, meno yakakwaruza chuma. Kumwona hivyo, mtu angesema huyu anajua wanawe. Fabre akampa kifuko cha buibui mwingine: akakipokea mara moja. Akachukua kizibo cha chupa, akakisugua kwa tupa mpaka kikawa mviringo, akampa. Kumbe hata hicho alikibandika nyuma yake, akakibeba kwa furaha ileile.

Watoto wakitoka, karibu 200, wanapanda juu ya mgongo wa mama na kukaa hapo miezi. Fabre aliwafagia kwa brashi ndogo wakaanguka karibu na mama mwingine. Wakapanda kwake, naye akawabeba. Mara moja majike wawili walipigana, mmoja akaliwa, na yatima wakapanda kwenye mgongo wa yule aliyemla mama yao.

Fabre aliona hapo kwamba mnyama anaweza kuwa tayari kufa kwa ajili ya kitu asichokitambua. Aliita hiyo nguvu ya asili isiyofikiri. Kwa upande mwingine, alikataa mpaka mwisho mafundisho ya Darwin juu ya mabadiliko ya viumbe, ingawa wawili hao waliandikiana barua kwa heshima.

Heshima iliyokuja kwa kuchelewa

Aliyoyaona aliyaandika kwa lugha nyepesi katika vitabu kumi, vilivyotoka kati ya 1879 na 1907. Havikumpa mali. Mwaka 1910, akiwa na miaka 86, marafiki walimfanyia sherehe Sérignan, na hapo ndipo Ufaransa ilipomkumbuka. Mwaka 1913 rais wa inchi, Raymond Poincaré, alifika kumsalimia.

Jean-Henri Fabre alikufa tarehe 11 Oktoba 1915. Miaka saba baadaye serikali ilinunua Harmas. Leo wageni wanaingia hapo kuona bustani na chumba alimofanyia kazi mwalimu aliyewahi kupewa mwezi mmoja ahame.