Otunga: Kijana aliyechagua kati ya jema na jema

Hebu fikiria uko nyumbani Kiptere, Kericho, wikendi ya mwisho kabla ya kutoa jibu. Umepata kazi Nairobi. Nje ya nyumba kuna shamba la majani chai ambalo baba amechoka kulichuma peke yake. Kama ungekuwa unachagua kati ya kazi na wizi, mambo yangekuwa rahisi. Lakini njia zote mbili ni halali, na zote zinasaidia watu. Umesali rozari nzima, na mbinguni kimya. Sasa?

Basi mfahamu Maurice Otunga. Alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, Bungoma, mtoto wa Chifu Sudi Namachanja wa Wabukusu. Alibatizwa mwaka 1935. Alisoma akaiva, na nyumbani akatarajiwa kurithi kiti cha mzee.

Usidhani uchifu ulikuwa mtego wa shetani. Chifu mwenye busara angeweza kupigania shule, kusuluhisha kesi za mashamba na kuwasemea watu wake kwa serikali ya mkoloni. Lilikuwa jambo jema kabisa. Otunga aliliacha, akachagua upadri.

Ila angalia njia aliyopita. Hakuwa padri kwa joto la siku moja. Alipitia seminari ya Kakamega, kisha Gaba nchini Uganda, kisha Roma, ambako alipadirishwa Oktoba 3, 1950. Seminari ni miaka ya kujipima, na anayeona si njia yake anaruhusiwa kurudi nyumbani. Yeye alikaa.

Karne nne kabla yake, Mhispania Ignatius wa Loyola alikuwa kitandani akiuguza mguu uliovunjwa na mzinga vitani mwaka 1521. Akagundua kitu. Ndoto za ushujaa zilimfurahisha, kisha zikamwacha mkavu. Mawazo ya kumfuata Kristo yalimwachia amani hata baada ya kupita. Kutokana na hayo alifundisha watu kuangalia wazo linawaachia nini moyoni, si kusisimka tu. Tena alionya: ukiwa umevunjika moyo, usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na amani.

Otunga alifanywa askofu mwaka 1957, akapewa Dayosisi ya Kisii mwaka 1960, huko milimani jirani na Kericho. Mwaka 1971 akawa Askofu Mkuu wa Nairobi, na 1973 Kardinali wa kwanza Mkenya. Alipostaafu mwaka 1997 hakutafuta jumba la kifahari. Alienda kuishi katika makao ya wazee yanayosimamiwa na masista, jijini Nairobi. Alifariki Septemba 6, 2003. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Lakini kiti cha baba yake hakikugeuka kibaya kwa sababu alikiacha. Hilo ndilo gumu: jema uliloliacha linabaki jema, na linaweza kuuma.

Kwa hivyo, Kiptere au Nairobi? Mimi sitakuamulia. Ishi siku chache moyoni kama mtu aliyechagua shamba, kisha siku chache kama aliyechagua jiji. Kila jioni sali, uandike umebaki na nini: amani au wasiwasi. Ongea na padri, au mtu mzima asiye na faida yoyote katika jibu lako. Halafu amua. Na ukishaamua, tulia bana, ufanye kazi.